Barua kwa Baba Juliasi

Mwanza,
3 Agosti

Mpendwa Baba Juliasi,

Jina hilo nimeliandika kwanza pembeni, kwenye karatasi chakavu, mara mbili tatu, ili mkono ulizoee. Tangu enzi za kitanda kile cha ghorofa bwenini, wewe juu mimi chini, nimekuita kwa jina la utani unalolijua mwenyewe. Hapa sitaliandika, maana barua hii nataka mwanao aje aisome. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuita baba wa mtu. Miaka saba ya kungoja, ya kliniki na maombi, ya Mama Juliasi kulia kimyakimya huku watu wakimuuliza maswali yasiyowahusu, na sasa nakuandikia hivi. Mkono umetetemeka.

Hongereni sana. Mpe shemeji pole na hongera zangu, mwambie namwombea nguvu zimrudie haraka, na asiharakishe kushika jembe.

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta maabara, nimevaa glavu. Ilibidi nimalize kwanza sampuli zilizokuwa mezani, kisha nikatoka kwenye kibaraza cha nyuma, nikaufungua. Nikakusikia ukisema, "Ni wa kiume, na tumempa jina lako," na nyuma ya sauti yako yeye mwenyewe akilia kwa nguvu zake zote. Niliurudia mara tatu. Mwenzangu wa zamu alipokuja kuniita alinikuta nafuta macho, akadhani nimeletewa habari za msiba.

Nilikujibu papo hapo kwa simu, lakini simu zinaibiwa, na maneno yanaondoka nazo. Karatasi hii ikunje uiweke kwenye bahasha ile mtakayotunzia kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Siku mtoto atakapouliza kwa nini anaitwa hivi, mpe. Mtu akimwita mwanawe kwa jina lako amekukabidhi sehemu ya malezi, na mimi malezi yangu naanza kwa kumweleza wajina wangu ni kina nani wengine tunaochangia naye jina hili. Wako wengi, na si wote ningependa awafuate.

Nianze na aliyetufikisha hapa. Baba yangu, kama unavyokumbuka, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nilizaliwa Novemba 1985, siku chache baada ya Mwalimu Nyerere kukabidhi urais kwa Mzee Mwinyi. Baba alikuwa akisema kwamba hakunipa jina la rais, alinipa jina la mtu aliyeinuka kwenye kiti bila kusukumwa. Neno lenyewe, kung'atuka, Mwalimu alilitoa kwao Uzanaki akaliingiza kwenye Kiswahili cha sote, na baba alipenda kulitamka taratibu, akiivuta ile ng', kama mzee anayenyanyuka kwenye kigoda. Alijua pia kwamba Mwalimu ndiye aliyekuwa na sheria ya 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na hakuwahi kunificha hilo. Alimpenda mtu mzima, si sanamu.

Na Mwalimu mwenyewe hakuzaliwa Julius. Alizaliwa Butiama, Aprili 1922, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilinyesha alipozaliwa. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, Mtemi Nyerere Burito, ambaye kuzaliwa kwake kuliangukia wakati viwavi wamevamia mashamba. Nyerere kwa Kizanaki ni kiwavi. Julius lilikuja ukubwani. Alikuwa tayari mwanafunzi wa Makerere, mwenye miaka 21, alipobatizwa kwenye misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, Desemba 1943. Jina lake lote kwa hiyo lina Roma, lina mvua, lina viwavi. Nikilitazama hivyo naona jinsi lilivyokuwa jina la mtu wa huku kwetu hasa, hata pale lilipoazimwa mbali.

Miaka ishirini baada ya ubatizo huo, akiwa na nchi changa mikononi, mtu huyu aliyechukua jina la Julius akaketi akaitafsiri tamthilia ya Shakespeare inayomhusu Julius wa kwanza kabisa anayejulikana na kila mtu. Tafsiri ilitoka 1963. Akairudia, akaisahihisha, ikatoka tena 1969, na safari hii ikaitwa Juliasi Kaizari. Jina la shujaa limekuwa Juliasi, limetamkwa kama bibi zetu wanavyolitamka, na jina la mfasiri limebaki Julius, yote mawili kwenye jalada moja. Ndiyo maana nimekuandikia Baba Juliasi hapo juu. Sikukosea tahajia.

Nakala ya baba ninayo. Uti wake umeshikwa kwa utepe wa kitambaa, na kurasa za mwisho zina rangi ya chai. Baba alipiga mistari michache sana kwenye vitabu vyake, lakini katika hiki amepiga mmoja, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari, pembeni ya onyesho la Sina mshairi. Utalikumbuka. Kaizari ameshauawa, mji umewaka hasira, umati unakutana na mtu njiani unamuuliza jina. Anajibu ni Sina. Sina ni jina la mmoja wa waliokula njama. Maskini anapiga kelele kwamba yeye ni Sina mwingine, Sina mtunga mashairi, na hawamsikii. Hilo Shakespeare hakulibuni. Waandishi wa kale wa Kirumi na Kiyunani wameliandika: Sina aliyeuawa alikuwa rafiki wa Kaizari, alikuwa anakwenda kumzika, na jina lake lilifanana na la mtu aliyekuwa amemtukana Kaizari hadharani. Kichwa chake kilitembezwa juu ya mkuki. Alikufa kifo cha mwenye jina.

Baba alipoupigia mstari ukurasa ule sijui alikuwa anafikiri nini, na nilichelewa kumuuliza. Mimi ulinigusa mifupani mwaka wangu wa kwanza kazini. Hili sijawahi kukusimulia. Hospitali niliyoanzia kazi ilikuwa na foleni ndefu siku hiyo, mvua za masika, malaria kila benchi. Kwenye trei yangu kulikuwa na vichupa viwili vya damu, vya kifuniko cha zambarau, vyote vimebandikwa Julius, na jina la baba limefanana pia. Mmoja alikuwa kijana wa bodaboda, mwingine mzee aliyevuka kutoka Ukerewe. Chini ya darubini damu ya kijana ilijaa vimelea, ya mzee ilikuwa safi. Majibu niliyaandika sawasawa. Karatasi nikazipishanisha. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, aliona kijana anatetemeka mpaka benchi linagonga ukuta, na karatasi yake inasema hana kitu, akarudi nazo dirishani kwangu kabla dawa hazijatolewa. Usiku ule sikulala. Nilikuwa karibu kumpa mtu ugonjwa wa wajina wake. Tangu siku hiyo nauliza majina matatu, umri, mtaa na namba ya faili, hata kama aliyekaa mbele yangu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

Juu ya meza ile ile ya maabara yuko Julius ninayemshika kila asubuhi. Ni Julius Richard Petri, daktari wa Kijerumani, msaidizi wa Robert Koch. Kabla yake waliotaka kuotesha vijidudu walimimina chakula chake juu ya kioo bapa na kukifunika kwa kengele kubwa ya kioo, na kila ulipofunua ili utazame, vumbi la hewani lilishuka na kuchafua kazi ya siku nzima. Petri mwaka 1887 akaja na visahani viwili vya kioo, kimoja kipana kidogo kuliko kingine, kinakaa juu yake kama mfuniko. Ni hivyo tu. Unaweza kutazama bila kufunua. Leo vinatengenezwa kwa plastiki, vinakuja kwenye mirija ya ishirini ishirini, na ninapokiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha kutazama madoa meupe yaliyoota usiku, huwa namshukuru mtu huyu kwa jina, na jina lenyewe ni langu. Dunia nzima inatibiwa kwa mfuniko wake.

Huyo Julius wa Roma nisipomweleza mtoto atamsikia shuleni, kwa hiyo afadhali aanze kumsikia kwetu. Kwanza ajue Julius halikuwa jina lake la kuitwa. Aliitwa Gaius. Julius ni ukoo, Kaizari ni tawi la ukoo. Baba yake naye alikuwa Gaius Julius Kaizari, jina lile lile tupu, na wanawake wa ukoo wote waliitwa Julia: shangazi yake Julia, dada zake wawili wote Julia, binti yake Julia. Hebu fikiria bibi akiita uani jioni. Na mgeni aliyepewa uraia wa Roma alichukua jina la ukoo wa aliyempa, kwa hiyo watu ambao hawakuwa na tone la damu ya ukoo ule wakawa kina Julius katika kila pembe ya dola. Jina liliendelea kuenea kwa kupewa, kama tulivyopeana sisi.

Kazi yake iliyobaki mikononi mwetu ni kalenda. Mwaka wa Warumi ulikuwa na siku 355, na ulikuwa umepotea njia hata sikukuu za mavuno hazikukutana tena na mavuno. Ili kuurudisha, alifanya mwaka mmoja, ule wa 46 kabla ya Kristo, uwe na siku 445, kisha akaanzisha mwaka wa siku 365 na moja ya ziada kila mwaka wa nne. Mwezi aliozaliwa ulikuwa unaitwa tu wa tano. Ndio wakaupa jina lake, na ndio huo mwanao amezaliwa. Kwa hiyo shemeji amejifungua Juliasi ndani ya Julai, na sidhani kama mliwaza hilo.

Zaidi ya hapo mimi simpendi sana. Februari mwaka 44 kabla ya Kristo alikubali kuwa mtawala wa maisha yote, na tarehe 15 Machi walimchoma visu 23. Baba alikuwa na haki: Julius wa kwanza alikuwa hang'atuki. Na jina lake halikufa naye. Warithi walilivaa hata likawa cheo, na likatembea karne baada ya karne mpaka kwa wafalme wa Wajerumani walioitwa Kaizari. Wewe ni mtu wa Songea, sina haja ya kukueleza Kaizari alikusanyaje kodi kwenu, wala maakida wake, wale wasimamizi aliowaweka juu ya vijiji, walivyoingia humo, wala wazee wa Kingoni walivyonyongwa Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji. Babu yako alikuwa akisema "akida" kama mtu anayetema ganda. Nilimsikia mwenyewe likizo ile tuliyokwenda kwenu, tumekaa chini ya mwembe tunapukuchua mahindi.

Na hapo ndipo ninapofika kwa Julius ninayemtaka mtoto amjue kabla ya wengine wote. Naye ni akida.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 27. Biblia yetu inamwita Yulio, akida wa kikosi cha Augusto, yaani ofisa wa jeshi la Roma. Amekabidhiwa wafungwa awafikishe Roma, na mmoja wao ni Paulo. Siku ya pili wanatia nanga Sidoni, na Yulio anamruhusu mfungwa wake aende kwa rafiki zake atunzwe. Si lazima afanye hivyo. Mbele ya safari anakosea: Paulo anawaonya wasiendelee, Yulio anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Tufani inawashika. Siku nyingi hawaoni jua wala nyota, wanatupa shehena, wanatupa vyombo vya merikebu, mwisho wanaitupa na ngano baharini. Watu 276 ndani. Wakati mabaharia wanataka kutoroka kwa mashua, Paulo anasema wakiondoka hawa hamtapona, na safari hii akida na askari wanasikia, kamba zinakatwa, mashua inaachwa ianguke.

Kisha merikebu inakwama, nyuma inavunjika kwa mawimbi. Askari wanashauriana wawaue wafungwa wote, asije mmoja akaogelea akatoroka. Kwa sheria zao mlinzi aliyepoteza mfungwa alijibu kwa shingo yake, na hofu yao ilikuwa ya kweli. Yulio anawakataza. Anaamuru wanaojua kuogelea wajitupe kwanza, waliobaki wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu. Wote wanafika pwani salama, pwani ya Melita, ambayo leo ni Malta. Alitaka kumwokoa mtu mmoja, na kwa ajili ya huyo mmoja wakaachwa hai wote. Baadaye anawafikisha Roma, na Biblia haimtaji tena.

Nimeisoma sura hiyo mara nyingi sana wiki hizi mbili. Huyu hakujenga chochote, hakuacha mwezi wala uwanja wa ndege. Alikuwa mtu mwenye cheo cha kati, mwenye silaha, amelowa, ana hofu ya bosi wake, na akasema msiwaue. Mwanao akiuliza Julius ni nani, mwanzie hapo. Msomee usiku mmoja mvua inanyesha, asikie ile merikebu.

Wako wengine ambao sitawapitia. Papa Julius wa Pili, aliyeongoza majeshi mwenyewe, ndiye aliyemwekea Michelangelo ile kazi ya kuchora dari la kanisa dogo la Sistine, 1508 hadi 1512. Daktari Julius Wagner-Jauregg wa Austria alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927 kwa kuwaambukiza wagonjwa malaria makusudi, ili homa ichome kaswende iliyopanda kichwani. Nikiwa mtu ninayehesabu vimelea vya malaria kila siku, habari hiyo huwa inanitia baridi. Na yuko ambaye mwambie akiwa mkubwa: J. Robert Oppenheimer, aliyesimamia utengenezaji wa bomu la atomiki. Ile J ni Julius, jina la baba yake. Bomu la kwanza lililipuliwa jangwani New Mexico tarehe 16 Julai 1945, mwezi wenye jina hilo hilo. Nilikaa kimya muda mrefu nilipolijua.

Lakini wewe najua unangoja nani. Shule nzima ilikuwa na mkuki mmoja, ncha imepinda, na ulikuwa unaunyoosha kwa jiwe kabla ya kuurusha. Mkenya Julius Yego naye alianza bila kocha wa mkuki, akajifunza kwa kutazama video za warushaji wa Ulaya kwenye intaneti. Agosti 2015, mashindano ya dunia Beijing, akarusha mita 92.72 akachukua dhahabu, na mwaka uliofuata Rio akachukua fedha ya Olimpiki. Kenya kweli jina hili limewakubali: Julius Sang alikuwemo kwenye timu ya dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne, Munich 1972, Julius Korir akashinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji Los Angeles 1984, Julius Kariuki akashinda mbio hizo hizo Seoul 1988. Nakuona unavyotabasamu. Lakini mtoto kwanza akaze shingo yake vizuri, mkuki utamsubiri.

Kwa basi la Jumamosi nimetuma kifurushi kwa jina lako, uende stendi na kitambulisho. Kuna vitenge viwili vya shemeji, dagaa wa huku waliokaushwa vizuri, blanketi dogo la wajina wangu, na Juliasi Kaizari ya baba. Usishangae. Mimi sina mtoto aliyeitwa Julius, na sikutaka kibaki kwenye sanduku langu. Ukurasa wa mstari mwekundu nimeuwekea kipande cha karatasi. Utepe wa uti usiubandue, ulibandikwa na mikono yake.

Jambo moja nijibu haraka. Mtakapokwenda kuandikisha cheti, karani atawauliza jina linaandikwaje, na akishaandika ndiyo imetoka. Mimi baba aliandikisha Julius. Biblia inasema Yulio. Mwalimu alipotafsiri aliandika Juliasi, na wewe kwenye ule ujumbe ulitamka hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyekesha. Mmekubaliana lipi?

Wajina wa mwanao,
Julius